Kisanduku cha Mume

Wahenga walisema hasira hasara. Sawa, tunawaheshimu, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufanya kazi chini ya Batholomeo. Felistas Opondo alifanya, tena ndani ya ofisi ya mabati iliyoanza kuchemka kabla hata chai ya asubuhi haijapoa. Anayetaka kumhubiria habari za subira amtafute mtu mwingine.

Alizaliwa Sirari, karibu kabisa na mpaka, kwenye ukoo ambao nusu ya shangazi walikuwa Kenya na nusu Tanzania, na wote walikuwa na maneno. Baba yake aliuza mabati na misumari. Tangu utotoni Felistas alijulikana kwa mikono iliyofungua kila redio mbovu na kwa mdomo usio na breki. Akapelekwa Mwanza kusomea kompyuta. Alipomaliza, akapata kibarua cha kuingiza majina ya wagonjwa kwenye programu iliyotengenezwa na mtu ambaye, kwa hakika, hakuwahi kuingiza jina hata moja maishani mwake. Ukikosea herufi, ukurasa wote ulifutika. Umeme ukikatika, kazi ya asubuhi nzima ilikwenda na maji. Wagonjwa walipanga foleni hadi nje, na matusi aliyapokea Felistas, siyo yule bwana aliyekaa kwenye kiyoyozi huko mjini akajisifu kwamba amemaliza kazi.

Ndipo alipoapa kuzitengeneza mwenyewe. Akawa na imani yake, na aliwaambia wote waliotaka kusikia na wasiotaka: mtu mmoja akikosea kwenye skrini yako, kakosea yeye, wakikosea wote mahali palepale, umekosea wewe.

Basi ikaja rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu. Kwenye kilima kimoja upande wa Kenyamonta, mtu alichimba shimo la choo akakutana na jiwe linalong'aa, na kabla mahindi ya msimu ule hayajavunwa, kilima kizima kilikuwa kimetobolewa maduara, yale mashimo ya wachimbaji. Walikuja vijana wa Geita, wa Kahama, wa Singida, wakaja na akina mama wa kupika, wauza tochi, wahubiri na wezi. Kisha ikaja kampuni yenye vibali, ikawafukuza wote, ikazungusha waya. Familia zilizokuwa zikiishi chini ya kilima tangu enzi za mababu zikaambiwa zitahamia viwanja vipya, kando ya barabara ya Nyansurura. Kazi ya kuwaandikisha na kuwahamisha ikapewa kampuni nyingine ndogo. Watu hawakuhangaika na jina lake; waliwaita Wahamishaji tu.

Wahamishaji walihitaji programu ya kuingiza taarifa za kila nyumba kwenye kanzidata: ni ya nani, wanaishi akina nani, wanalima nini. Humo ndimo zingetoka hati za viwanja. Wakamwajiri Felistas, na Felistas akaifanya kazi kwa moyo wake wote. Alikaa nyuma ya makarani akiwatazama wanavyochapa. Alipanga visanduku vya kwenye skrini kwa mfuatano uleule wa karatasi zilizotoka vijijini, ili jicho lisiruke ovyo. Herufi alizifanya kubwa, kwa sababu Klementina, karani aliyechapa kuliko wote, alikuwa na macho mabovu na hakutaka kuvaa miwani. Jenereta ilipozima, kila kilichoandikwa kilibaki salama. Klementina alisema ile programu ilikuwa kama jiko la mama yake, unanyoosha mkono gizani unaikuta chumvi.

Na hapo ndipo alipoingia Batholomeo, meneja, mtu wa mbali ambaye kila sentensi ya tatu alikukumbusha kwamba yeye si wa huku. Alikuwa amewaahidi wakubwa wake taarifa zisizo na doa. Akaagiza kwamba kisanduku cha mume kikatae kuachwa wazi, kikatae pia mtu yeyote asiye mwanaume. Felistas alilimaliza jambo hilo kabla ya chakula cha mchana, akaona limependeza, akachagua na rangi nyekundu ya onyo inayoonekana toka mlangoni. Alikuwa amekulia jirani na Wakurya maisha yake yote, amekula pilau la harusi zao na kucheza ngoma zao, na bado haikumjia kichwani.

Ilimjia siku Waisiko alipopiga hodi.

Alikuwa mama wa makamo ya juu, mrefu, amevaa koti la mvua juu ya kitenge japo mvua haikuwapo. Nyuma yake alisimama Boke, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama," alisema Felistas.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye hii kompyuta?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kompyuta yako ni mwizi."

Klementina aliacha kuchapa. Waisiko hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alieleza kwa kusimama kwamba jana alikwenda kukiona kiwanja chake kipya, akamkuta Mniko, mtoto wa mdogo wa marehemu mume wake, yuko na fundi na lori la mawe. Msingi ulikuwa umeshafika magotini.

"Nikamuuliza, mura, kijana wewe, unajenga nini kwenye kiwanja changu? Akanicheka. Akasema, mama mkubwa, kiwanja ni cha mume wa nyumba, na mume aliyeandikwa ni mimi." Aligeuka akamwonyesha Boke kwa fimbo. "Huyu nimemwoa mimi. Ng'ombe waliotoka kwenda kwa baba yake walitoka kwenye zizi langu. Huyo mtoto mgongoni ni Kisyeri, nimempa jina la marehemu. Huyo Mniko alitoa nini? Alitoa hata mbuzi?"

Kwa wasiojua, jambo lenyewe ni hili. Kwa Wakurya, mwanamke aliyefiwa na mumewe bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mke. Mke huyo huzaa, na watoto huwa wa nyumba ile, ili jina lisife na mali isigawanywe na ndugu wa marehemu. Huiita nyumba ntobhu. Wapo wanaoisifu na wapo wanaoilaumu, lakini hakuna Mkurya hata mmoja atakayekwambia haijui. Haifichwi. Na imewekwa makusudi kabisa kwa ajili ya watu kama Mniko.

"Klementina," Felistas aliita taratibu, "nionyeshe."

Klementina alionyesha. Karatasi kutoka kijijini ilikuwa imeandikwa sawasawa: mwenye mji, yaani mwenye boma, Waisiko, mke Boke. Akachapa Waisiko kwenye kisanduku cha mume, akaweka mwanamke. Skrini ikawa nyekundu. *Kosa. Mume lazima awe mwanaume.* Yalikuwa maneno ya Felistas mwenyewe, kwa rangi aliyoichagua mwenyewe.

"Ilikuwa inakataa, dada," alisema Klementina. "Ukiacha wazi inakataa. Nyumba isipofungwa haihesabiki, na bosi anahesabu kila jioni. Na Mniko alikuwa hapo nje."

Asiyekuwepo na lake halipo. Mniko alikuwepo kila siku, anawaletea makarani soda, anawasaidia kubeba madumu ya maji, anauliza kwa upole kama kuna nyumba ya ukoo wao iliyokwama. Iliyokwama ilikuwepo. Alitaja jina lake, likaingia, na ile rangi nyekundu ikaondoka.

"Mlikuja kwangu," alisema Waisiko. "Niliwapa viti. Niliwapa maziwa. Mkaniuliza mwenye mji ni nani, nikawajibu. Kwa nini mliniuliza, kama jibu mlikuwa nalo tayari?"

Felistas alijisikia uso unawaka. Alimkasirikia Mniko, akamkasirikia Batholomeo, kisha akageuka akajikasirikia mwenyewe kuliko hao wote, kwa sababu makarani wote walikuwa wamekosea mahali palepale, na alijua hiyo ina maana gani.

Alimkuta Batholomeo chini ya feni ndogo, anakula karanga.

"Hilo nalijua," alisema Batholomeo kabla hata hajamaliza kuelezwa. "Klementina aliniuliza, nikamwambia aweke mwanaume yeyote wa ukoo. Sheria ya ndoa haijui hayo mambo."

"Sisi hatufungishi ndoa, bosi. Tunaandika nyumba ni ya nani."

"Na wao wakagawane wenyewe huko nyumbani."

Wakagawane wenyewe! Mtu amempa fisi ufunguo wa zizi, halafu anawaambia kondoo wakagawane. Felistas alishika ukingo wa meza.

"Nifungulie nafasi nirekebishe. Ni kazi ya nusu siku."

"Haiguswi. Wageni wanakuja Ijumaa kugawa hati. Wakubwa wameipenda programu, wanasema ni rafiki kweli kweli."

"Rafiki wa nani?"

Batholomeo alitema ganda la karanga. "Felistas, hii ni kompyuta, siyo baraza la mila. Halafu wewe ni Mjaluo. Ya Wakurya yanakuhusu nini?"

"Yawa!" Felistas alimaka kwa Kijaluo, akapiga meza karanga zikaruka. "Yananihusu kwa sababu mkono uliomnyang'anya yule mama nyumba ni wangu! Wewe ulisema, mimi nikaandika!"

Alitoka na kuubamiza mlango wa bati, ukarudi ukafunguka, akaubamiza tena. Nje alimkuta Boke amekaa kwenye benchi anamnyonyesha mtoto. Waisiko alikuwa amelala pale pale kwenye benchi, koti usoni, amechoka.

"Dada, wamekataa?" aliuliza Boke.

"Wamekataa."

Boke alitazama kilima na waya wake. "Mniko amesema tukihamia atanipa chumba kimoja. Mama atakaa kwa binti yake Ikoma. Na mimi atanirithi." Alisema bila kulia, kama mtu anayesoma tangazo. "Mimi niliolewa nyumba hii kwa sababu Mama ni mtu mwema. Sikuolewa na Mniko."

Hapo ndipo hasira ya Felistas ilipotulia na kuwa kitu kizito, cha kufanyia kazi.

"Wako wengine kama ninyi?"

"Wako, dada. Wengi."

"Kawaite. Waje kesho."

Bahati njema Batholomeo aliondoka jioni ile kwenda Musoma kupanga mapokezi ya wageni. Felistas hakusubiri. Alimketisha Klementina pembeni yake kama ilivyokuwa desturi yake, kwa sababu hakuamini skrini ambayo karani hajaijaribu, akaanza kubomoa. Alifuta ile rangi nyekundu. Akaondoa kile kiburi cha programu kumjibia mtu. Mahali pa mume akaandika *Mwenye mji ni nani?* na chini yake *Nani anamiliki pamoja naye?* Kama karani ameandika jambo lisilo la kawaida, skrini isimfokee, imuulize tu kama ana uhakika, imwachie nafasi ya kujibu ndiyo. Klementina alijaribu jina la Waisiko. Skrini ikauliza. Klementina akabonyeza ndiyo, ikapokea.

"Ni hivyo tu?" alisema Klementina.

"Ni hivyo tu," alisema Felistas, na alitamani kutupa kitu ukutani.

Asubuhi walikuja wawili wawili, mzee na kijana, na watoto migongoni. Felistas alidhani watakuwa wachache. Benchi lilijaa, wakakaa kwenye mawe, wakakaa kwenye magunia ya saruji. Nyumba baada ya nyumba, kwenye kisanduku cha mume aliketi shemeji, mpwa, jirani mwenye jina la ukoo, wanaume waliojitokeza kwa huruma kubwa pale ofisini kusaidia. Felistas alizifungua moja moja kwa ghadhabu.

Kuzifungua kulihitaji kidole gumba. Sheria hiyo ilikuwa ya Batholomeo mwenyewe: nyumba ikishafungwa kwenye kompyuta, haibadilishwi mpaka mwenyewe aweke gumba lililochukuliwa siku ya kuandikishwa nyumbani kwake. Na siku ile waliokutwa nyumbani walikuwa akina Waisiko. Mniko alikuwa jina tu. Gumba lake halikuwamo popote. Waisiko aliweka lake kwenye kile kijimashine, jina la Mniko likatoka, lake likaingia.

Mniko alifika adhuhuri, viatu vina saruji. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Mama mkubwa, unaniaibisha mbele ya watu!"

"Aibu umeichimbia msingi mwenyewe," alisema Waisiko. "Mawe yako uje uyachukue. Ukiyaacha nitajengea zizi."

Wanawake kwenye magunia ya saruji walicheka, na Mniko akaondoka anatukana kompyuta.

Batholomeo alirudi siku ya pili yake. Hakuna anayejua nani alimwambia, ila alishuka kwenye gari tayari ameiva kwa hasira kama embe la mti.

"Umefukuzwa kazi!" alisema. "Lakini kwanza rudisha kama ilivyokuwa."

"Chagua moja," alisema Felistas. "Aliyefukuzwa hatengenezi kitu."

Batholomeo akamgeukia Klementina, akamwamuru afungue nyumba ya Waisiko amrudishe Mniko. Klementina, masikini, ana watoto wa kulisha, akafungua. Mashine ikaomba gumba. Wote wakamtazama Waisiko, ambaye siku zile alikuwa hatoki pale nje, anawalinda wenzake kama kuku mwenye vifaranga. Waisiko aliingiza mkono wake ndani ya kitenge.

"Mama, weka kidole," alisema Batholomeo.

"Kinauma."

"Mama, nakuamuru!"

"Mura, na wewe ulimwoa nani kwa ng'ombe zangu, mpaka uniamuru?"

Batholomeo alipiga simu Dar es Salaam kwa fundi mmoja anayemjua. Fundi alisema kwanza itabidi aje aione ilivyojengwa, na hawezi kuja kabla ya Ijumaa. Hati zilikuwa hazina budi kuchapishwa. Batholomeo alizitia sahihi bunda zima bila kuzisoma, kama ilivyokuwa desturi yake, akijipa moyo kwamba nyumba chache kama hizo zitafichika katikati ya nyingi. Hakuuliza ni ngapi. Angeuliza, angeambiwa.

Felistas aliondoka na begi lake na deni la hasira. Alikuwa ameshapanga kupanda gari la kurudi Sirari, lakini Ijumaa miguu ilimpeleka uwanjani. Alisimama nyuma kabisa, kwenye jua, mbali na turubai la wageni. Boke alimwona akaja akasimama naye.

Mgeni mkuu alihutubia, akaisifu programu. Akasema ni mfano wa teknolojia rafiki kwa mwananchi, akamwomba Batholomeo asimame apigiwe makofi, kisha akasema kwa furaha kwamba, kwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi hii kubwa, asome majina ya wenye hati yeye mwenyewe. Jina la Felistas halikutajwa.

Sasa, zile hati zenyewe Batholomeo alizichora kwa mkono wake na hakumruhusu Felistas aziguse hata siku moja. Zilikuwa na nembo, na maua pembeni, na chini ya maua mistari miwili minene: *Jina la mume*, na *Jina la mke*. Felistas alibadilisha maswali. Hati hakuigusa, kama alivyoamriwa, na jibu la swali la kwanza liliendelea kuchapwa kwenye mstari wa mume.

Batholomeo alianza kusoma. Jina la mume fulani, akasimama mwanaume, jina la mke fulani, akasimama mwanamke, wakapokea, makofi. Ikaenda vizuri hivyo kwa muda. Kisha akachukua hati nyingine, akasema kwa sauti ile ile ya mkutano, "Jina la mume," na hapo akanyamaza.

Uwanja ulisubiri. Mgeni mkuu alimtazama. Mniko, aliyekuwa amesimama karibu na turubai na suruali mpya, alipiga hatua moja mbele.

"Jina la mume," Batholomeo alirudia, na jasho lilikuwa limemtoka puani. "Waisiko."

Waisiko aliegemea fimbo akanyanyuka kutoka katikati ya wanawake. Siku hiyo hakuvaa koti la mvua.

"Nipo," alisema.

Hakuna aliyecheka. Wazee wa Kikurya walioketi mstari wa mbele waliitikia kwa vichwa taratibu, kama watu waliosikia jambo la kawaida likisemwa kawaida.

"Jina la mke. Boke."

Boke alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa Felistas, akapita katikati ya watu mpaka mbele. Mkono wa Waisiko ulitoka kwenye kitenge, ukapokea ile hati, na gumba lake likatulia juu ya nembo.

Batholomeo alijifuta uso. Akachukua hati iliyofuata, akaitazama, akaitazama inayofuata hiyo, akafunua na nyingine chini yake. Kwenye kila mstari wa mume aliona jina la mwanamke. Alilishusha bunda taratibu, akamgeukia mgeni mkuu akitaka kusema kitu.

"Soma!" Felistas alipiga kelele kutoka nyuma, mtoto kifuani, mdomo wake usio na breki. "Soma yote!"